Kadi ya Begani

Unaniuliza mwaka niliozaliwa, binti,
na kalamu yako imesimama hewani, inangoja.
Kadi yangu ilishuka na matope
usiku ule kilima cha Cimpunda kilipoteleza,
ikaondoka na sufuria mbili na godoro jipya.
Godoro nililitafuta.
Kadi sikuitafuta.

Lakini usiandike "hajui".
Ngoja nivue sweta. Ngoja, na hii ya ndani.
Mikono ya blauzi za siku hizi inabana kama mdai.
Haya. Tazama hapa, chini kidogo ya bega la kushoto:
duara, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya ngozi.
Hiyo ndiyo kadi.
Niliipata Kabare, Wabeleji wangali wanahesabu kuku wetu.
Mama alinibana kati ya magoti,
mtu wa sanduku la bati akanikwaruza,
nami nikamng'ata kidole
kwa meno mapya mawili, ndiyo kwanza yanaota.
Hesabu kuanzia hapo, uongeze sita.

Dada yangu Nakashale alikimbilia migombani.
Alirudi jioni na mkungu mdogo kichwani,
hana jeraha, anacheka,
na wanawake wote wakamsifu: huyu ana akili.
Ndui ilipopita, mwaka wa pili,
haikumkuta migombani.
Ilimkuta kitandani, ubavuni pangu,
tumejifunika blanketi moja.
Mimi niliamka.

Sisemi kwamba siogopi.
Pale kwenye benchi Mama Ciza ananong'ona
eti sindano hii ya korona inafunga kizazi.
Tumecheka mpaka meno yake manne yakaonekana yote.
Kizazi! Mimi niliyezaa tisa, nikazika watano,
mimi ambaye mwezi ulinisahau tangu vita vya kwanza!
Njooni basi, nikamwambia,
mfunge mlango wa nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Mjukuu wangu naye, kwa kuwa ana simu,
aliniapia kwamba aliyechanjwa hunasa vyuma.
Jana jioni nikaenda kwa jirani, alichanjwa Ijumaa,
nikambandika kijiko begani.
Kikaanguka kwenye sombe.
Tukakiosha, tukala.

Ninachoogopa ni kingine.
Unasema kesho mkono utauma, labda na homa.
Kesho ni siku ya boti za Idjwi:
mananasi, maharagwe, makaa.
Na mimi sibebi kwa mkono, binti.
Nabeba kwa hili paji. Gusa, usiogope.
Kamba imechimba mfereji hapa,
kidole chako kinalala ndani chote.
Zamani kilo themanini, bandarini hadi Kadutu,
sasa hamsini, na kupumzika mara tatu njiani.
Shingo ndiyo inayolipa, mkono unasindikiza tu.
Lakini nikilala siku mbili,
watoto watatu wa marehemu Murhula
watakunywa maji ya moto na kuyaita chai.
Karatasi yako hiyo, nimeiangalia,
haina mstari wa kuandika jambo hilo.

Haya, choma.
Si upande huo! Huo una kadi yangu.
Choma kulia.

Kumbe ni kitu kidogo hivi?
Nyuki wa Kabare wana hasira zaidi.
Usinitazame hivyo, si machozi,
ni vumbi la barabara yenu,
na ni yule mjinga wa migombani
ambaye mpaka leo namwekea nafasi kitandani.

Umeandika sitini na nane?
Sawa, naipokea,
sijapewa namba nzuri hivyo siku nyingi.
Sasa nipe kamba yangu, iko chini ya benchi.
Jua bado halijafika Nyawera,
naweza kupata mzigo mmoja
kabla mkono haujajua.