Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Niliandika: mkutano ulifunguliwa saa nne na nusu,
Vingunguti, Shule ya Msingi Shimoni, darasa la tatu B,
wakazi mia moja na sita, wengine madirishani.
Sikuandika magoti ya watu wazima
yalivyogoma kuingia chini ya madawati ya watoto,
wala ubao uliobaki na hesabu ya kutoa,
kumi na tatu toa tisa, jibu bado.

Agenda ya kwanza: kiwanda.
Kile cha kuchenjulia urani, nyuma ya ukuta wa bati,
kilichofungwa mwaka aliozaliwa kitindamimba wetu.
Dokta Kokuhirwa alitandaza ramani juu ya meza ya mwalimu,
akaibana kwa chupa nne za maji.
Tunataka kusafisha, alisema, na tunataka maoni yenu.
Zikagawiwa karatasi. Naridhika. Siridhiki. Sijui.
Kalamu zilikuwa tisa.

Ndipo Bi Mwanahawa Kondo akanyanyuka,
yule aliyefua ovaroli za kiwanda miaka kumi na mmoja,
kwa mikono, kwa sabuni ya mche.
Hakuitazama ramani. Alichukua chaki.
"Hapa mmechora bwawa moja. Yalikuwa mawili.
La pili walilifukia usiku, wiki ya mwisho,
na juu yake ndipo watoto wanapocheza chandimu."
Akaifuta kumi na tatu kwa kiganja,
akachora mfereji, choo, mkungu uliokatwa,
na pale alipokuwa akimwaga maji ya kufulia,
manjano kama ya bizari.
"Kitanda hiki nyie mlikipima mchana," alisema.
"Sisi tunakilalia. Kunguni wake tunawaita kwa majina."

Watu walicheka. Kicheko nacho sikukiandika.

Mzee Pazi aliuliza fidia.
Shomvi wa bodaboda aliuliza kama sumu hii
inaambukiza kama mafua.
Dokta alijibu taratibu, bila kiburi, Mungu shahidi:
hainuki, haionekani, haina haraka.
"Itakwisha lini?" nikauliza mimi,
maana fomu yangu ina safu ya Tarehe ya Kukamilika.
Alivua miwani. Alisema hata nusu yake haitakwisha
kabla jina la Dar es Salaam halijasahaulika.
Niliandika: linafanyiwa kazi.

"Na gari lenu likishaondoka," akasema Bi Mwanahawa, bado kasimama,
"hicho kidude kinacholia anabaki nacho nani?"
Dokta akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaniangalia mimi.
"Maoni yangu ndiyo hayo. Karatasi yako haina kiboksi chake."

Ikabishaniwa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.
Wawili walitoka wakisusa, mmoja akarudi kufuata kofia, akakaa.
Tukapatana: kipimo kinabaki mtaani,
kitazunguka nyumba kwa nyumba, kwa zamu,
na majibu yatabandikwa kwenye ukuta wa shule,
kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.
Azimio namba tatu. Hilo nililipigia mstari.

Ila muhtasari hausemi
kwamba ule mchanga laini uliomwagwa nje ya geti, wa bure,
baba yangu aliukokota kwa toroli safari arobaini,
akasakafia sebule, akajipukuta mikono, akasema
watoto wa nyumba hii hawatakula vumbi tena.
Wala hausemi kwamba jana zamu ilikuwa yangu.
Nilikunja mkeka. Nikapiga magoti
pale Sikudhani wangu alipojifunzia kutambaa,
nikakiweka kidude chini,
nacho kikaanza, kwanza mtama kwenye kikaango,
halafu mvua juu ya bati.

Nimefungua daftari. Nyumba namba kumi na saba.
Jina la mwenye nyumba: langu.
Kwenye safu ya majibu mkono ulitaka kuandika
lile neno ulilolizoea, linafanyiwa kazi.
Nikauacha upoe kwanza.
Kisha nikaandika tarakimu, moja moja,
kubwa, zisomeke kutoka barabarani.