Swali la Kumi na Saba

Swali la kumi na saba linauliza:
una cheti cha sekondari, au uko darasani?
Weka alama kwenye kisanduku kimoja.

Naweka. Wino mweusi, kama walivyoagiza.
Cheti changu kimelala mezani ndani ya plastiki,
Mokeira, herufi zote mahali pake,
na muhuri unang'aa kama ganda la peremende.

Nje, Willmar imefunikwa theluji tangu Jumanne.
Saa kumi na mbili asubuhi. Kaka anarudi.
Namsikia akikung'uta buti mlangoni, polepole,
asije akamwamsha mama.
Ananuka klorini na manyoya mabichi.
Usiku kucha ametundika bata mzinga kwenye ndoano,
ishirini kwa dakika,
na vidole vya kulia havitaki tena kukunja kalamu.

Tuliingia nchi hii kwa ndege moja,
mimi wa miaka sita, yeye kumi na mmoja,
tukigombania kiti cha dirishani.
Viza zetu ziliisha siku moja,
sisi tukitazama katuni.

Mwaka mama alipopooza upande mmoja,
kodi ya nyumba haikupooza.
Ilibidi mmoja wetu aende kiwandani,
na hakuna kikao kilichoitishwa.
Ombati alirudisha vitabu vya shule ndani ya mfuko wa dukani,
kile cha jiografia kikiwa bado kimekunjwa ukurasa katikati,
akaniambia: "Wewe kichwa chako chepesi. Soma."

Nikasoma.
Nikasoma kwa taa aliyoilipia yeye,
kwa miwani aliyoninunulia.

Sasa sheria inasema mimi nastahili.
Sheria inasema yeye hajajiendeleza.

Hajajiendeleza!
Nani alisoma maandishi ya chungu kwenye dawa za mama
mpaka akajua ipi haipatani na ipi?
Nani alimbishia mwenye nyumba, kifungu kwa kifungu,
hadi joto likarudi kwenye mabomba?
Hayo hayana mtihani.

Sikatai shule. Niliipenda, hata harufu ya korido zake.
Nasema tu: mizani hii inapima unga,
haimpimi aliyesaga.

Jumatatu na Jumatano anakwenda darasa la watu wazima,
chumba cha chini cha maktaba,
kutafuta cheti kile kingine cha waliochelewa.
Bi. Lindqvist humwacha asinzie dakika kumi,
kisha humgusa bega: x ni ngapi, Ombati?
Juzi alijibu bila kufumbua macho:
"Kumi na tatu."
Ilikuwa sahihi.
Alicheka sana akinisimulia,
halafu akasema mtihani uko Machi,
na Machi kiwanda hakitoi ruhusa.

Ukurasa wa mwisho.
Nani alikusaidia kuandaa maombi haya?
Taja jina kamili na anwani.

Naandika jina lake, kwa penseli.
Nalitazama. Limekaa vizuri kwenye mstari,
kana kwamba mstari ulichorwa kwa urefu wake.
Kisha nakumbuka fomu hii inasomwa na nani,
na kwamba anwani ni hii hii,
na mlango ni huu mmoja.

Nafuta.
Nafuta hadi karatasi inakuwa nyembamba, karibu kutoboka.
Kutoka jikoni Ombati anauliza kama nimemaliza,
na kama kuna chai.