Mti Uliokataa Septemba

Mwezi wa nane huwezi kujua.
Porini Ipole miti yote imekufa, au yote inaigiza:
matawi matupu, majani chini,
moshi wa mabani ya tumbaku.
Na mimi niliyeolewa kutoka Kasulu
niliwahi kukata mtundu ulio hai nikidhani ni mkavu.
Wiki nzima jikoni tulilia bila msiba.

"Subiri," alisema mama mkwe. "Septemba haidanganyi."

Kweli. Kabla ya tone la kwanza la mvua
miyombo ilichipua majani mekundu,
kilima kizima, kama watu walioona haya kwa pamoja.
Isipokuwa mmoja.

Nikaufuata na shoka.
Kwanza ukucha: nilikwaruza kitawi,
chini ya ngozi hapakuwa na kijani,
palikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nikakivunja. Kikasema ta!
bila kuning'inia, bila uzi.
Mti ulio hai huvunjika kwa kubishana.
Kisha mgongo wa shoka.
Juu: ngo.
Kiunoni: ngo.
Chini, karibu na ardhi: pu.
Hapo mchwa wameshahamia na matofali yao.
Nikajisemea, nitakata juu ya goti,
kinachobaki niwaachie wenyewe.

Lakini mti gani?
Jani hakuna, ganda la mbegu hakuna.
Hata gome halikuwepo, kuanzia kifuani hadi magotini,
limevuliwa kwa duara, juu na chini, mkato safi,
mkato wa mtu, si wa radi wala wa tembo.
Nikachonga kibanzi,
nikakifunga kwenye ncha ya kanga.

Nyamizi, mama mkwe wangu, haoni tangu mwaka juzi.
Macho yamefunga duka, husema, pua bado inauza.
Akakipokea kibanzi, akakipima kiganjani,
akakinusa, akakigonga kwenye jino,
akakilamba.
"Si mninga. Mninga una manukato yake, hata ukifa.
Si mtundu, mtundu ningekuwa nimeshautema.
Umeutoa wapi?"
Juu ya korongo, nikasema, pale penye kichuguu kilichopasuka.
"Umevuliwa gome?"
Umevuliwa.
Akanyamaza muda wa kuchambua sahani ya kunde.

"Huo muyombo ni wa Lugendo.
Aliuvua mwaka alioanza kukohoa.
Akalikunja gome, akalishona, akapata mzinga,
akautundika, akangoja.
Hakuja nyuki hata wa kupotea. Walikuja siafu.
Yeye akafa Machi.
Mti ulichelewa kupata habari,
ulitoa majani misimu miwili zaidi, membamba,
nilikuwa bado naona."

Mimi sikumkuta baba mkwe.
Nilimjua kwa koti lililo nyuma ya mlango,
na kwa shoka hili, mpini wake
umeliwa upande mmoja na kiganja kikubwa kuliko changu.
Nikauliza: basi tuuache?

"Uuache ufanye nini?
Ukuni uliokauka ukiwa wima unaomba kiberiti wenyewe.
Ulioanguka ndio wa kuogopa, huo ni mkate wa mchwa.
Kata. Maharage utachanganya na mgunga,
makaa yake yanakaa. Ugali unautosha."

Nikarudi siku hiyo hiyo na mizigo miwili,
kichwani mmoja, wa pili kwenye baiskeli ya Shija
aliyetaka alipwe, nikamlipa matango.

Kwenye mafiga ulishika bila kupulizwa.
Moshi ulikuwa mwembamba, wa kupanda wima.
Nyamizi alisogeza kigoda karibu kuliko kawaida yake.
Cheche iliruka ikatua kwenye kanga yake, pajani.
Akaikung'uta taratibu.
"Hata sasa," akasema, "hajui kukaa na watu."

Kisha akauliza kama maji yamechemka.
Yalikuwa yamechemka.