Ukurasa wa Saba

Mimi huchora vichwa kwenye vibao vya vinyozi,
Kadutu yote mpaka Nyamugo:
wanaume walionyolewa wakatakata,
hawana mabega, hawana madeni.

Ndipo Madamu Nabintu wa darasa la kwanza
akaja na daftari tupu chini ya mwavuli.
"Nichoree kitabu," akasema. "Watoto walio tofauti.
Wote wawe wanacheka."

Nikachora.
Ukurasa wa pili ni Mugisho, mweupe kama unga wa muhogo,
amevaa kofia pana ya babu yake.
Wa nne, mapacha wanaozungumza kwa vidole;
mama yao huuza sambaza Nyawera.
Wa sita, yule aliyefika juzi akitoka vitani,
anasema Kitembo, na maneno yetu bado yanamteleza.
Wa saba ni Nsimire, binti wa dada yangu:
yuko kileleni, mikono yote hewani,
na nyuma yake upinde wa mvua.
Nyekundu yangu yote iliishia pale.

Usiku umeme ulikuwa umekatika.
Nikamwonyesha kwa taa ya simu.
Akautazama ukurasa
kama mtu anayebonyeza nyanya za kununua.

"Uyu hapana miye."

Kwa nini, mama?

"Mikono yote iko juu.
Sasa fimbo yangu, nani ameishika?"

Nikakosa jibu. Mvua ikajibu kwenye mabati.

"Na kwetu hakuna pa kusimama hivi. Kuna matope.
Nichore siku ile ya maavoka ya Baba Cishugi."

Siku gani?

Akacheka, kicheko cha kweli, chenye pengo la jino.
Yeye ndiye aliyeyaangua, kwa fimbo, moja baada ya jingine.
Mapacha walipanga wizi mzima bila kutoa sauti,
kisha wakagombana, vidole vikiruka, hadi mbwa akaamka.
Mugisho alikimbia wa kwanza, akaacha kofia.

Na yule mgeni?

"Yeye alikula tu. Alikula kutupita sisi wote."

Nikafuta upinde wa mvua kwa kiwiko.
Nikachora ukuta, mti, mbwa,
matope hadi magotini,
na Nsimire ameuma ulimi, analenga,
uzito wake wote juu ya mguu ule mzima.
Hakuna anayecheka hapo. Wana kazi.

Madamu Nabintu alikunja uso:
"Hiki kitabu kinafundisha wizi."
Lakini akakichukua.

Baada ya wiki mbili akanirudishia nikitengeneze.
Kurasa nyingine zote bado zinang'aa kama mpya.
Wa saba umechanika pembeni,
una alama za vidole vya sombe, vya mafuta, vya chaki,
na juu ya tawi, kwa penseli isiyo yangu,
mtu ameongeza parachichi moja
kubwa kuliko mbwa.

Nimeliacha.
Nimeshona tu ukurasa, kwa uzi mweusi.