Unga Upo

Bi Zaina Shekalaghe, wa mashine ya kusaga, Makorora,
alituma mtoto aniite.
Si polisi, mtoto aliwahi kusema. Ni kazi.

Nilikuwa ndiyo kwanza natoka Bombo,
pale dirishani ninapotaja jina kila asubuhi,
nikapewa kikombe, nikanywa mbele ya nesi,
nikaachama aone nimemeza.
Miaka thelathini na minane, naachama kama kinda.
Sioni haya. Haya niliiuza mapema,
kabla ya brashi.

Zilikuwa brashi saba.
Ya mwisho, ile nyembamba ya kutilia herufi kivuli,
ilikwenda kwa kete moja nyuma ya soko la Ngamiani,
na aliyeipokea akaifanya ya kukorogea chai.

Maweni walinipa kopo la rangi nyeupe:
andika namba. Ndoo, majembe, milango.
Miaka minne niliandika namba.
Nyapara Mbelwa alikuwa akisema,
Fundi, saba yako hii ina maringo.
Ndiyo sifa pekee niliyotoka nayo,
pamoja na nauli na kikohozi.

Nje nikakuta herufi zinatoka kwenye mashine.
Kijana wa Barabara ya Nane anabofya tu,
bango linashuka na picha na namba ya simu.
Nilimwomba kazi. Akanitazama mikono,
kisha akaivuta kompyuta yake upande wa pili wa meza.
Sikumlaumu.

Bi Zaina hakuvuta kitu.
Mizani niliyomwibia, na mawe yake yote mpaka la robo,
ina mwenzake sasa, kafungwa mnyororo.
Tuliuona sote wawili, ule mnyororo.
Akanionyesha ukuta:
Herufi nene. Andika UNGA UPO.

Nikacheka. Astaghafiru, nilicheka
mpaka nikakalia gunia.
Naye akanishangaa, akaelewa,
akaziba mdomo kwa pindo la khanga, mabega yakimtikisika.
Basi ongeza WA DONA, akasema,
watu wasije wakakosea mlango.

Nilipiga uzi wa chaki.
U ya kwanza ikatetemeka mguu wa kushoto,
ukipita utauona.
Niliuacha. Kufuta huo ni kufuta ukuta mzima.
N ikasimama. G ikajikunja, na maringo kidogo.
Mzee Kihiyo alipita, akasoma kwa sauti,
akanisoma na mimi,
akashika mfuko wake wa shati.
Nikachovya brashi.

Alasiri Bi Zaina alinilipa, hakuzidisha.
Kisha akapima dona kilo mbili kwenye ile ya mnyororo,
akiongeza, akipunguza kwa ncha za vidole,
mpaka mshale ukatulia.
Kampelekee mama yako.

Nilikata njia ya kituo cha polisi,
ile niliyokuwa nikiizunguka hata nikiwa mtupu.
Mchana kweupe, unga mkononi,
mfuko hata sikuufunga.
Nikawasalimu.