Orodha ya Kwenda Kolo

Nyuma ya risiti ya umeme, kwa kalamu inayokatakata wino,
Ndahani ameandika: maji, lita sitini.
Nikafuta. Nikaandika: themanini.
Septemba hii, nikamwambia, upepo wa Dodoma
unakunywa kabla yako.

Tumeisema safari hii tangu Yusta hajaota meno.
Sasa meno yale yameng'oka, yametupwa juu ya paa,
na sisi bado tuko hapa hapa Chang'ombe,
tumekaa mkekani, tunabishania sufuria.

Hema tulilipata Sabasaba, kwenye rundo la mitumba.
Ndani limeandikwa jina la mtoto wa watu,
na mchanga wa kwao ungali kwenye mshono.
Fito ni tatu. Zilitakiwa nne.
Muuzaji aliapa: "Mama, hiyo ya nne ni urembo tu."

Gari ni la shemeji, Noah ya rangi ya maziwa yaliyochacha.
Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe,
kwa hiyo kwenye orodha, chini ya kiberiti,
nimeandika: mteremko.
Popote tutakapolala, pawe na mteremko.

Njia nimeipitisha kwa kidole juu ya mkeka:
Veyula. Makutupora, hapo zabibu,
zisizidi kilo mbili, zitavuja.
Mayamaya, kisha Meia Meia, jina ambalo Yusta analirudia
na kulirudia mpaka si mahali tena.
Kelema. Kondoa, chai na chapati.
Halafu ardhi inaanza kupanda, nyekundu,
imechimbwachimbwa na mvua za zamani,
na Kolo,
na mawe.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa akichambua mlenda,
asiyetia neno tangu magharibi, akauliza:
"Mnakwenda kulala kule,
mmemwambia nani?"

Ndahani akasema kuna ofisi, mama. Kuna kiingilio.
Kuna na kitabu cha wageni.

Akacheka kwa pua.
Yeye kwao ni Pahi. Mvua ilimfungia chini ya jiwe,
yeye na mbuzi kumi na mmoja, ana miaka tisa,
na usiku kucha wale watu wembamba, wekundu,
wenye vichwa kama mashuke ya mtama,
walikuwa ukutani wakimhesabia mbuzi.
"Kulipokucha walikuwa kumi na mmoja. Hawakuniibia.
Ila mimi niliingia bila kubisha hodi.
Sijalipa mpaka leo."

Akamwambia Yusta: andika.
Yusta wa darasa la pili akaandika, ulimi nje,
kati ya tochi na kandambili: HODI.
Vingine vyote vina idadi. Hiyo haina.

Usiku tukalijaribu hema sebuleni.
Meza ikaenda uani, mpini wa ufagio ukawa fito ya nne.
Tukalala wanne, miguu ya Ndahani nje,
mama mkwe upande wa mlango, kama aliyepewa zamu.

Saa nane nikashtuka. Mwanga.
Yusta kapiga magoti mbele ya ukuta mweupe wa mwenye nyumba,
tochi kwapani, mkaa mkononi.
Kachora gari linasukumwa.
Kachora watu wembamba, wakubwa kuliko gari,
na nyuma yao mbuzi. Nikahesabu.
Nikarudia kuhesabu.

"Mbona kumi na wawili?"

"Huyu," akasema, bila kugeuka, "ni wa deni la bibi."

Mwenye nyumba anakuja Jumatatu kuchukua kodi.
Nikaitafuta risiti gizani, nikaandika: chokaa, ndoo moja.
Nikaitazama. Nikaifuta.
Pale pale nikaandika: betri,
maana tochi ilikuwa imeshaanza kuwa ya njano.