Mshono wa Kushoto

Bei ilikuwa imeandikwa kwa wino mdogo, kama ugonjwa wa aibu:
dola elfu tisa mia nne, kodi haijaingia.
Byamungu alisimama mbele ya kochi la Italia
mikono nyuma, kama mbele ya jeneza la chifu.
"Wanakuja kuzungumza mahari," alininong'oneza. "Watakalia nini?"
Watakalia makalio yao, nilitaka kusema,
lakini muuzaji alishatukaribia na tai yake ya samawati.

Kizuri chajiuza, nikamwambia mume wangu,
mbona hiki kimewekewa taa tatu na mtu wa tai?

Mwaka wa kumi na moja huu nashona makochi hapa Hickory,
ng'ambo ya reli, cherehani namba saba,
karibu na dirisha lisilofunguka.
Kochi nalijua kama mkunga anavyojua mtoto:
kwanza unaligeuza.
Basi nikapiga magoti kwenye zulia lao, nikachungulia chini,
nikabonyeza springi, nikanusa gundi,
nikapitisha ukucha penye ungio la mguu.
Nilitaka kukuta ubao wa maranda. Nilitaka kukuta uongo.

Sikuukuta.
Mshono ulinyooka kama kamba ya mwashi,
kila tundu la sindano na jirani yake, hakuna aliyemsukuma mwenzake.
Yuko mtu huko, mwanamke au mwanamume sijui,
anayeumwa mgongo hapa, chini ya bega, kama mimi.
Nilimsalimu kimoyomoyo: pole na kazi, fundi.
Lakini zile elfu tisa haziendi kwake.
Nilihesabu: ngozi, mbao, meli, bima, taa tatu, tai.
Yeye kapata ya mkate.

Nikasimama kumweleza Byamungu hayo.
Byamungu alikuwa amelala.
Alitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku,
akaiegemea Italia, mdomo wazi, kiatu kimoja kikining'inia.
Muuzaji alibaki ameduwaa, hajui
kama kukoroma ni dalili ya mnunuzi.

Mwenzangu kazini, Lurleen, mwenye bendera kwenye gari,
huniambia: nunua cha hapa, dada.
Cha hapa ni kipi, Lurleen?
Springi zimetoka Meksiko, uzi una maandishi ya Kichina,
na anayeushona kazaliwa Uvira.
Tunacheka wote. Kisha yeye hunyamaza.
Kiwanda alichofanyia kazi babake kilifungwa
mwaka makontena yalipoanza kuja kwa wingi;
siku hizi njiwa ndio wanaingia zamu.
Hilo nalo si la kuchekea.

Jumamosi, kwenye ghala la nyuma
wanakouza vyenye dosari, nililiona.
Kijani cha kisamvu, la watu watatu,
mia sita na hamsini kwa mfanyakazi.
Mkono wa kushoto mshono umepinda, inchi nne hivi,
halafu ukakumbuka njia.
Naujua mshono ule. Ni siku ya simu.
Ni pale kaka aliposema "Mama" na asimalize,
na mguu wangu ukasahau kuinuka kwenye pedali.
Msimamizi alilibandika karatasi nyekundu,
hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia.

Nililipa taslimu.
Byamungu alilisukuma ngazini bila neno,
akalikalia, akajaribu kununa, akashindwa.

Wageni walikuja, wakakaa, wakasifu.
Mama wa kijana alipapasa mkono wa kushoto,
kidole chake kikafika penye kona, kikasita.
"Hili la wapi?"
"La Italia," akasema Byamungu, kabla sijameza chai.

Sikumkatalia. Nilisogeza sahani ya sambusa,
nikahamia upande ule,
nikaufunika mshono kwa kiganja.